Mtoto Aulizapo Sababu ya Maradhi

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), masala yaelezwayo katika kurasa hizi ni haya: maradhi ya kuambukiza yakiingia mjini, na mtoto mdogo akamuuliza baba yake kwa nini watu wanaugua na kwa nini wanakufa, yampasa baba kumjibu nini? Je, yafaa amtishe ili atii? Yafaa amfiche khabari ili asiogope? Au mtoto ana haki ya kuambiwa kweli kwa kadiri ya akili yake?

Wako watu waonao kuwa jambo hili ni dogo, la kuachiwa kina mama jikoni, wala halistahili wino. Lakini mwenye kulizingatia ataona kuwa ndani yake mna mambo makubwa matatu: ukweli wa ulimi wa mzazi, itikadi ya mtoto juu ya Mola wake, na hukumu ya nani ana dhambi na nani hana.

Mambo yenyewe yalidhihiri wazi katika maradhi ya Korona. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa maradhi hayo yameenea ulimwenguni. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 ya mwezi huo, na wa Tanzania tarehe 16, na katika muda wa siku chache skuli za nchi zote mbili zikafungwa. Ulimwenguni kote wanafunzi waliokosa masomo kwa kufungwa skuli walipindukia 1,500,000,000. Katika Mombasa, tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, ilitolewa amri ya kuzuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale. Misikiti ilikuwa imefungwa, na tarawehe zikasaliwa majumbani. Hija ya mwaka ule wa 1441 haikuhudhuriwa ila na watu wapatao 1,000, nao ni wale waliokuwa wakikaa Saudia tangu hapo. Hata ilipofika tarehe 5 Mei 2023 ndipo Shirika lile lilipotangaza kuwa hali ya dharura imekwisha.

Mambo haya yote mtoto aliyaona kwa macho yake. Aliona chuo kimefungwa na mwalimu haji. Aliona mkono wa babu haubusiwi tena asubuhi. Aliwasikia wakubwa wakinong'ona, na alipokaribia wakanyamaza. Basi wakubwa walidhani kuwa kwa kunyamaza wamemwepusha na huzuni. Lakini mtoto asiyepewa sababu hujitungia sababu mwenyewe, na ile aitungayo aghalabu huwa mbaya kuliko kweli.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Jean Piaget wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1932 juu ya namna watoto wanavyohukumu mema na maovu, aliwasimulia watoto kisa cha mtoto aliyeiba matunda, kisha akapita juu ya daraja bovu likavunjika akaanguka majini. Akawauliza: lau mtoto yule hakuiba, daraja lingalivunjika? Wengi katika wale wadogo walijibu kuwa lisingalivunjika. Limevunjika kwa sababu ameiba. Kadiri watoto walivyokuwa wakubwa, ndivyo jibu hilo lilivyopungua.

Wengine wakafuata njia hiyo katika maradhi. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1980 ilionekana kuwa watoto wadogo hukosea kwa namna mbili. Kwanza, hudhani kuwa maradhi ni adhabu ya utundu. Pili, wakisha kusikia kuwa maradhi huambukiza, hudhani kuwa kila kitu huambukiza, hata jino linalouma na goti lililochubuka. Lakini katika uchunguzi huo huo mlikuwamo faida kubwa: wale watoto walioelewa vizuri zaidi namna maradhi yanavyoambukiza, ndio waliokuwa mbali zaidi na dhana ya kuwa mgonjwa ameadhibiwa. Maana yake ni kuwa elimu ya njia ya maradhi humwondolea mtoto mzigo wa kujilaumu.

Na mzigo huo si mwepesi. Makadirio ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa baina ya Machi 2020 na Aprili 2021 watoto zaidi ya 1,100,000 ulimwenguni walifiwa na mzazi, au na babu au bibi aliyekuwa akiwalea, kwa sababu ya maradhi yale. Na afikirie mwenye akili: katika watoto hao, ni wangapi waliolala usiku wakijihesabia makosa yao? Mtu mzima akisema, "Haya yametufika kwa madhambi yetu," yeye mwenyewe na mwenziwe huyachukua maneno hayo kuwa ni wito wa kutubu. Mtoto wa miaka sita hayasikii hivyo. Yeye huyasikia kuwa ni khabari zake: kuwa alikimbia chuo siku ya Jumatatu, kuwa alimjibu mama vibaya, kuwa alichukua sukari bila ya ruhusa, na kwa hivyo babu amekufa. Wala hamwambii mtu. Huliweka jambo lile moyoni, na miaka ikapita.

Sasa na itazamwe Sheria inasema nini. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto hata abaleghe. Ikiwa malaika hawamwandikii mtoto dhambi, ni nani huyu amwandikiaye? Mwenye kumwambia mtoto kuwa maradhi yamekuja kwa sababu ya utundu wake, amemsingizia mtoto, na amenena juu ya Mola wake jambo asilolijua. Kosa lake basi si la utabibu peke yake. Ni kosa la dini vile vile.

Tena hata kwa watu wazima hukumu hii haikubaliki ovyo. Imepokewa katika Hadithi kuwa tauni kwa waumini ni rehema, na afaye kwayo hupata daraja ya shahidi. Katika tauni ya Amwas, mwaka 18 wa Hijra, sawa na 639, walikufa Abu Ubayda bin Al-Jarrah na Muadh bin Jabal (R.A.), nao ni katika wabora wa Masahaba. Hapana Mwislamu asemaye kuwa wale waliadhibiwa. Na Ibn Hajar Al-Asqalani, mwanachuoni mkubwa wa Hadithi wa Misri, alifiwa na binti zake watatu kwa tauni, naye akatunga kitabu kizima juu ya maradhi hayo. Lau kila maradhi yangalikuwa ni hati ya dhambi, wabora hao wasingaliguswa.

Huenda mtu akasema: "Mtoto akifundishwa kuwa maradhi hupita kwa pumzi na kwa mikono, imani yake juu ya kadari itadhoofika. Na je, haikupokewa Hadithi kuwa hapana kuambukiza?"

Hujibiwa kuwa katika vitabu hivyo hivyo imepokewa pia kuwa ngamia wagonjwa wasipelekwe kwa ngamia wazima, na kuwa mwenye ukoma aepukwe, na kuwa mji wenye tauni usiingiwe wala usitokwe kwa kuikimbia. Maulamaa wengi wameyapatanisha maneno haya kwa kusema kuwa kilichokanushwa ni ile itikadi ya zama za ujahili, kuwa maradhi yana nguvu kwa dhati yake pasina amri ya Mwenyezi Mungu. Ama kuwa Mwenyezi Mungu ameyajaalia maradhi mengine kupita kwa mtu hata kwa mtu, hilo halikukanushwa. Sayyidna Umar (R.A.) alipofika Sargh, akiwa njiani kwenda Sham, akapata khabari za tauni, aliazimu kurejea. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamfahamisha kuwa anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari yake nyingine, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu: popote achungapo, anachunga kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na Hadithi yenye kuthibitisha rai ile. Na baada ya karne nyingi, tauni kuu ilipoingia Andalusi katika mwaka 1348, waziri na tabibu Ibn Al-Khatib wa Granada aliandika kuwa kuambukiza ni jambo lililothibiti kwa majaribio na kwa kuona.

Basi asili ya kosa ni kuchanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni la njia: maradhi yamepita wapi hata yakaingia nyumbani? Swali la pili ni la hekima: kwa nini Mwenyezi Mungu amemkadiria fulani na hakumkadiria fulani? La kwanza lina jibu, na jibu lake hutafutwa kwa elimu. La pili liko katika ghaibu. Mabaharia hawalipotezi hili. Jahazi likiingia maji katikati ya bahari, nahodha hutafuta tundu akalitia kalafati, na huku ulimi wake unamwomba Mola. Hawakusanyi mabaharia kuwauliza ni nani katika wao aliyekosa, na maji yanazidi kupanda. Wala hapana amwitaye nahodha yule kuwa hana imani.

Huenda mwingine akasema: "Mtoto ni mtoto. Akitishwa hutii, na katika maradhi kutii ndiko kunakookoa." Ndiyo maana wengine waliwaambia watoto kuwa nje kuna zimwi liitwalo Korona, na wengine kuwa askari atakuja kuwachukua, na wengine wakasema neno zito kuliko yote: "Ukimkaribia bibi utamwua."

Ama zimwi na askari, huo ni uwongo, na uwongo kwa mtoto haukuruhusiwa. Imepokewa kuwa mwanamke mmoja alimwita mwanawe na kumwahidi kitu, na Mtume (S.A.W.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akamjulisha kuwa lau asingalikusudia kumpa kitu, angaliandikiwa uwongo. Ikiwa ahadi ya tende imepimwa kwa mizani hii, vipi uwongo wenye kumjaza mtoto khofu? Na zaidi ya hayo, uwongo huu hauna maisha. Mtoto hutoka siku moja kwa kuiba, asikutane na zimwi wala askari, akarejea salama. Tangu siku ile hasadiki tena, hata aambiwapo kweli.

Na lile neno la bibi ni uwongo nusu na kweli nusu, na kwa hivyo lina madhara zaidi. Ni kweli kuwa mtoto aweza kuichukua Korona bila ya kujua, kwani kwa watoto wengi ilikuwa nyepesi, na waliokufa wengi wao walikuwa watu wazima wa umri mkubwa. Lakini kumpa mtoto peke yake amana ya uhai wa bibi yake ni kumtwika asichokiweza. Bibi akifa, na vifo ni vya ajali iliyoandikwa, mtoto huyo atabaki akijiona muuaji. Neno la haki ni kumwambia hivi: "Nyumba nzima inamlinda bibi. Baba anamlinda, mama anamlinda, na wewe una sehemu yako: kunawa mikono na kumsalimu kwa mbali mpaka maradhi yapite." Hapo mtoto hupata kazi ya kufanya, na kazi hupunguza khofu, na dhamana hubaki kwa wakubwa, mahali pake.

Wala si lazima mtoto akatazwe kuogopa. Tarehe 16 Machi 2020 Erna Solberg, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Norway, aliitisha mkutano wa kujibu maswali ya watoto tu, na katika aliyowaambia ni kuwa si vibaya mtu kuogopa wakati kama ule. Hekima hii haina kabila wala nchi. Mtoto aambiwaye, "Usiogope," na huku anamwona baba ameogopa, hujua kuwa anafichwa. Lakini aambiwaye, "Hata baba ana khofu kidogo, na haya ndiyo tufanyayo," hujifunza kuwa khofu na utulivu vyaweza kukaa katika nyumba moja.

Huenda wa tatu akasema: "Mtoto hawezi kufahamu kitu kisichoonekana." Hili nalo halikuthibiti. Uchunguzi umeonyesha kuwa hata watoto ambao hawajaanza skuli hufahamu kuwa viko vidudu visivyoonekana kwa macho viletavyo maradhi. Tena mtoto wa Kiislamu hufundishwa tangu utotoni kuwaamini malaika asiowaona. Itakuwaje ashindwe na kijidudu? Katika Hong Kong, Terry Kit-fong Au na wenziwe walitangaza mwaka 2008 matokeo ya kuwasomesha watoto wa skuli kwa namna mbalimbali. Wale waliofundishwa kuwa vijidudu ni vitu vyenye uhai, huzaana na hufa, waliweza kupambanua wenyewe lipi lina khatari na lipi halina, kuliko wale waliopewa orodha ya "fanya hili, usifanye lile." Na sababu yake ni dhahiri. Amri hufika pale ilipotajwa tu. Akiambiwa anawe kabla ya kula wali, huenda asinawe kabla ya kula embe. Lakini akiijua sababu, huipeleka mwenyewe mahali pasipotajwa.

Na mifano haiko mbali na nyumba za pwani. Mtoto na aonyeshwe chetezo cha udi katika chumba kilichofungwa: moshi hujaa pembe zote, hata kwa aliyekaa mbali, dirisha likifunguliwa, huondoka. Hivyo ndivyo pumzi ya mgonjwa ifanyavyo katika chumba kisicho na upepo, na ndiyo maana hufunguliwa madirisha. Tena na aonyeshwe hina mbichi mkononi: kila kishikwacho hubaki na alama, na hivyo ndivyo vijidudu vipitavyo kwa mikono. Tena na aonyeshwe mkono wenye samli: maji matupu hayaiondoi, lakini sabuni huikata. Kirusi cha Korona kimevikwa gamba la mafuta, na sabuni hulivunja. Kwa mfano huu mtoto atajua pia kuwa udhu, pamoja na utukufu wake, ni ibada, na kuwa palipo na maradhi sabuni hutangulia.

Faida ya elimu hii haikomei kwa mtoto mwenyewe. Humfikia na jirani. Mwaka 2020, katika nchi nyingi, watu walitukanwa njiani kwa sura zao tu, kwa kudhaniwa kuwa ni Wachina. Mtoto hakuzaliwa na chuki hiyo; aliisikia barazani. Ambaye amefahamu kuwa kijidudu hakijui kabila wala rangi, na kuwa mgonjwa akipona kwa muda wake haambukizi tena, atarudi kucheza na mwenziwe aliyeugua, wala hatampa jina baya. Na kwa kuwa mtoto hudhani kila kitu huambukiza, yapasa aambiwe vile vile yale yasiyoambukiza. Kisukari hakiambukizi. Saratani haiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa. Na kifafa hakiambukizi, ijapokuwa wako watu wazima wamwachao mwenye kifafa akaangukia motoni kwa kuogopa povu lake. Mtu mzima huyo aliwahi kuwa mtoto asiyeelezwa.

Limebaki lile swali la pili, la hekima, nalo mtoto ataliuliza tu: "Kwa nini Mungu amemchukua babu, na yule mzee wa jirani amepona?" Hapa baba asione haya kusema, "Sijui. Ajuaye ni Mwenyezi Mungu." Kusema sijui ni katika adabu ya elimu, na maulamaa wakubwa wamelisema mbele ya watu. Kisha na amwambie yale ayajuayo kwa yakini: kuwa babu hakuugua kwa kosa la mjukuu wake, kuwa kalamu haimwandikii mtoto dhambi, kuwa maradhi yalipita kwa njia ijulikanayo, na kuwa dua ya mjukuu humfaa babu yake kaburini. Mtoto ajibiwaye hivi hupata kweli bila ya kutishwa, na hupata matumaini bila ya kudanganywa.

Muhtasari wa maneno ni kuwa mtoto ana haki tatu wakati wa maradhi ya kuambukiza: aambiwe njia ya maradhi kwa mfano aufahamuo, apewe sehemu ya kinga iliyo sawa na nguvu zake, na asitwikwe dhambi ambayo Mola wake hakumtwika. Wahenga wamesema kuwa mficha maradhi, kilio humfichua. Na amfichaye mtoto sababu ya maradhi, siku moja naye atafichuliwa, kwa machozi ya mtoto aliyekuwa akijilaumu peke yake. Korona haikuwa ya mwanzo. Kipindupindu kiliingia Unguja mwaka 1869, na homa kuu ya mwaka 1918 ilifika Afrika ya Mashariki; wala hapana mwenye akili asemaye kuwa hakutakuja maradhi mengine. Basi mwenye watoto na ajiwekee jibu kabla ya kuulizwa, na alipime kwa kweli na kwa huruma. Wallahu aalam, na kwake yeye ndiko taufiki.